Kanuni Iliyomkataa Pacha wa Pili

Kabla sijaandika riwaya niliandika majedwali. Kwa miaka mitatu hiyo ndiyo kazi iliyonilisha hapa Kampala: kukaa mbele ya kompyuta iliyopasuka pembe moja na kuiambia, kwa lugha ya programu iitwayo PHP, ni kitu gani cha mtu kitahifadhiwa na kwa umbo gani. Jina: herufi, zisizidi mia moja. Tarehe ya kuzaliwa: tarehe kamili, si maneno. Simu ya mzazi: tarakimu kumi, ianze na sifuri. Kila kitu kilipata safu yake katika jedwali, na kila safu ilipata kanuni zake za uhakiki, zile amri fupi zinazosimama mlangoni na kumuuliza kila anayekuja: wewe ni nani, una urefu gani, nani amekuruhusu kuingia?

Niliipenda kazi ile kuliko nilivyokubali mbele ya waandishi wenzangu. Mhusika wa riwaya ni mkaidi. Leo unampa miaka thelathini na sauti ya upole, kesho unamkuta ana hamsini na anagombana na jirani. Jedwali halina ukaidi huo. Ukisema safu hii isiwe tupu, haitakuwa tupu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, naishi chumba kimoja Kyebando, na sijawahi kuwa na kitu kingine duniani kilichonitii namna ile.

Kazi niliipata kwa sababu ya Kiswahili. Nilizaliwa katika nyumba za askari. Baba ni mtu wa kaskazini, aliingia jeshini baada ya vita vya mwaka wa themanini na sita. Mama ni Muganda. Walikuwa na dini mbili na lugha mbili, nasi watoto tukakutana nao katikati, kwenye Kiswahili, lugha ya kambi. Shirika moja dogo, lenye ofisi ya vyumba viwili kwenye mteremko wa Kibuli, lilikuwa likiwatafutia watoto wa wakimbizi wa Kongo nafasi katika shule za msingi: kiti darasani, sare, na chakula cha mchana. Akina mama wale walizungumza Kiswahili. Mkuu wa shirika, mwalimu mstaafu wa shule ya jeshi ambaye sote tulimwita Mzee, alizungumza Kiswahili. Alitaka mtu wa kompyuta ambaye hatahitaji mkalimani.

Shida yake ilikuwa moja, na aliieleza siku ya kwanza kabla sijaketi.

“Binti, hawa akina mama ni werevu. Asubuhi mtoto anaandikishwa kwa jina hili, mchana anarudi na jina lile, ili apate bahati mara mbili. Nataka mashine ikatae.”

“Itakataa, Mzee.”

“Ikatae kabisa. Isiwe ya kubembelezeka kama huyu.” Akamwelekezea kalamu karani wake, mwanamke wa makamo, Muganda, aliyekuwa akipanga mafaili kwenye meza ya pembeni.

“Mimi nabembelezeka, Mzee,” karani akasema bila kuinua kichwa, “lakini chai yako anapika nani?”

Nilikwenda nyumbani na tatizo lile kama mtu aliyepewa zawadi. Majina hayakunifaa. Mtoto wa Kikongo huweza kuwa na jina la kanisani, jina la babu, na jina la nyumbani, na kwenye karatasi zake yakapangwa kwa utaratibu wowote. Nilihitaji kitu ambacho mama hawezi kukigeuza kati ya asubuhi na mchana. Nikachagua viwili: simu ya mama, na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto. Mama ana simu moja. Mtoto ana siku moja. Nikaandika kwamba viwili hivyo, vikishikana, visijirudie kamwe katika jedwali lote. Ulikuwa mstari mmoja tu kwenye maelezo ya jedwali, na mwingine kwenye kanuni za uhakiki, ili ujumbe utokee kwa rangi nyekundu: Mtoto huyu amekwisha kuandikishwa.

Nakumbuka nilinyanyuka kutoka kwenye kiti nikazunguka chumba. Mistari miwili! Niliona uzuri ndani yake, ule uzuri ninaouona sentensi inapokataa kupunguzwa hata neno.

Karani alikuwa wa kwanza kuijaribu. Alimwandikisha mtoto wa kubuni, akamwandikisha tena kwa jina lingine, na wekundu ukatokea. Akapiga makofi. Kisha akauliza, “Na ikikataa, mimi nafanya nini?”

“Ikikataa ina sababu.”

“Na mimi iko na sababu yangu?”

“Sababu yako haihitajiki. Hiyo ndiyo raha yake.”

“Eh, nyabo,” akasema, akiniita bibi kwa Kiganda chake, “hii mashine yako kali kama mama mkwe.”

Nilicheka. Sikuona kwamba swali lake lilikuwa swali.

Uandikishaji ulifanyika Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa huko Katwe. Nje, mafundi walikuwa wakigonga mabati, wakiyageuza kuwa sigiri za makaa na masanduku, na kila jibu la mama lilibidi lisemwe mara mbili ili lishinde nyundo. Nilikaa na karani hadi saa sita mchana. Kila kitu kilikwenda sawa. Foleni ilikuwa ndefu, lakini ilisogea. Wawili waliorudi na majina mapya walikamatwa na kanuni yangu, wakaondoka wakicheka kwa aibu, na karani akanipa mkono kama mchezaji anayempongeza mwenzake. Kisha nikaondoka, kwa sababu alasiri ile nilitakiwa kusoma maandishi yangu mbele ya watu.

Tulikuwa na kikundi cha waandishi vijana kilichokutana mjini, ghorofa ya juu ya duka la nguo. Siku ile ilikuwa zamu yangu ya kwanza kusoma sura ya riwaya yangu. Sura yenyewe ilimhusu mwanamke anayevuka mpaka na watoto wake. Nilikuwa nimeipiga msasa kwa wiki nne. Mtu aliyenitangulia alikuwa kwenye shairi lake la mwisho pale simu yangu ilipoanza kutetemeka, nikatoka nje kwenye ngazi.

“Nyabo, mashine imekataa mtoto.” Ilikuwa sauti ya karani, na nyundo nyuma yake.

“Basi ameandikishwa mara mbili.”

“Hapana, hapana. Huyu mama iko na wawili. Wa kwanza imekubali, wa pili imekataa. Nimejaribu mara tatu. Ni balongo, nyabo! Mapacha! Mashine yako haijui balongo?”

Nikaelewa papo hapo: simu moja, siku moja, watoto wawili.

Lazima nieleze jambo kuhusu nafsi yangu hapa, maana bila hilo kosa langu litaonekana la kawaida. Mimi nilizaliwa baada ya mapacha. Kwa watu wa mama yangu, mapacha hawaji kimyakimya. Mama huacha kuitwa kwa jina lake, akawa Nnalongo hadi kufa kwake. Baba huwa Ssalongo, hata kama ni askari kutoka kaskazini asiyejua hata ngoma moja ya sherehe hiyo. Na mtoto anayefuata, ingawa amekuja peke yake, hupewa jina maalumu linalosema kwamba wawili walimtangulia. Hilo ndilo jina langu. Nimeliandika juu ya kila daftari la shule, nimelitia sahihi kwenye mkataba wa Mzee. Kila ninapoitwa, ninaitwa mdogo wa watoto wawili waliozaliwa siku moja. Na ni mimi niliyeandika, kwa mistari miwili niliyoiona mizuri, kwamba mama mmoja hawezi kuwa na watoto wawili wa siku moja.

“Nyabo, uko? Watu wamefika mpaka barabarani.”

Ndani, watu walikuwa wakimpigia makofi yule mshairi. Mtu alichungulia mlangoni akaniashiria: zamu yako.

“Weka tarehe ya kesho yake,” nikasema.

“Eh?”

“Yule wa pili. Wa kwanza umemwandika tarehe gani?”

“Tarehe kumi na nne.”

“Basi wa pili mwandike kumi na tano. Itakubali. Jumatatu nitarekebisha.”

“Una hakika?”

“Nina hakika. Nimeitwa, lazima niende.”

Nilisoma vizuri. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu ni sehemu ya aibu yenyewe. Sauti yangu ilikuwa thabiti, na nilipofika pale ambapo yule mwanamke anahesabu vichwa vya wanawe gizani na kukuta wote wapo, msichana mmoja safu ya mbele alifuta macho. Waliniuliza nimeyajuaje mambo haya. Nikawaambia ninafanya kazi na watu hao.

Jumatatu sikurekebisha kitu. Nilikuwa na maoni ya wenzangu pembezoni mwa kurasa zangu, nikayafuata. Jumanne nikasahau kwamba nimesahau.

Baada ya wiki mbili Mzee alianza kulinganisha karatasi za watoto na orodha ya kompyuta, mtoto mmoja baada ya mwingine, rula ikiwa chini ya kila mstari. Alifika kwa mapacha wale. Akamwita mama yao.

Alikuja na watoto wote wawili: mvulana mrefu, mwembamba, na msichana aliyemfikia ndugu yake mabegani. Hawakufanana. Mama alivaa kitenge kilichopigwa pasi kwa uangalifu, akakaa ukingoni mwa kiti. Mimi nilikuwa kwenye kona na kompyuta magotini, karani kwenye meza yake, na mlango uko wazi. Wazazi wengine wawili walikuwa wakingoja kwenye benchi.

“Huyu msichana ni wa nani?” Mzee akauliza.

“Ni wangu, papa. Ni mapasa.” Ndivyo wanavyosema kwao, mapasa, na yeye mwenyewe, nilikuja kujua, aliitwa Mama Mapasa na mtaa mzima.

“Karatasi yake inasema amezaliwa tarehe kumi na nne. Kwenye kompyuta ni kumi na tano. Karani anaandika anachoambiwa. Mama gani wa mapacha anasahau kwamba aliwazaa siku moja?”

“Sikusahau. Nilisema kumi na inne. Bote bawili, kumi na inne.”

“Basi nani alisema kumi na tano? Mashine?”

Wale wa kwenye benchi walicheka kidogo, kicheko cha watu wanaotaka kupendwa na mwenye nyumba.

“Mzee,” karani akasema polepole, “mimi niliandika nilivyoambiwa.” Hakumtazama Mzee. Alinitazama mimi.

“Umesikia, mama? Ameandika alivyoambiwa. Nawajua, mnaazimana watoto. Huyu wa jirani anapewa karatasi ya mwanao, anaingizwa kama pacha.”

Nilifungua kinywa. Hilo nalikumbuka, nilikifungua. Lakini asubuhi ileile Mzee alikuwa ameniambia kwamba kuna wageni wanakuja kuuona mfumo wangu, na kwamba wakiupenda, mkataba utaongezwa mwaka mzima. Mwaka mzima wa chumba changu cha Kyebando, wa asubuhi tulivu, wa riwaya. Niliinamisha macho kwenye kompyuta na kujifanya nasoma kitu.

Mzee akageuza kompyuta yake, akaandika kwa vidole viwili. Kulikuwa na safu moja ya mwisho katika jedwali lile, ya maoni. Hiyo ndiyo pekee niliyoiacha bila kanuni yoyote, kwa kuwa sikuona haja. Haikudai urefu wala umbo, ilikubali chochote. Akaandika: Mzazi ametoa taarifa za uongo. Mtoto wa pili aondolewe.

“Miye haiko muongo, papa,” mama akasema. Hakupaza sauti. Alingoja jibu, na alipoona halitakuja alisimama, akawashika watoto mikono. Mlangoni msichana aliinua uso akamuuliza kitu. Sikusikia alichouliza.

Alasiri ile nilirekebisha kanuni. Ilichukua dakika chache. Nikaondoa katazo, nikaweka swali badala yake: simu na tarehe zikifanana, kompyuta imuulize karani kama ni mapacha, naye ajibu ndiyo au hapana. Nikaongeza safu ndogo ya kulitunza jibu hilo. Wakati wa kuhifadhi kazi, mtu huandika maneno machache kueleza amebadilisha nini, ili atakayekuja baadaye aelewe. Niliandika: marekebisho madogo.

Lakini orodha ilikuwa imekwisha kupelekwa shuleni, bila jina la msichana. Mvulana aliingia darasa la kwanza. Msichana alibaki nyumbani.

Karani hakunisema kwa mtu yeyote. Ila aliacha kunitania, akaanza kunisalimia kwa Kiingereza kama mgeni, na chai yangu akawa anaiweka mezani badala ya kunipa mkononi. Wageni walikuja, wakaupenda mfumo. Mzee aliwaonyesha swali jipya kuhusu mapacha, nao wakasifu jinsi nilivyofikiria kila kitu.

Muhula wote ulipita hivyo. Niliendelea kwenda kwenye kikundi cha waandishi, hadi siku nilipojaribu kusoma sura mpya. Ndani yake afisa wa mpakani anamwita yule mwanamke mwongo, naye anamjibu kwa maneno makali, mazuri, ambayo niliyatunga kitandani nikijihurumia. Nilifika kwenye maneno hayo nikashindwa kuyatoa. Nilikuwa nimemwona mwanamke akiitwa mwongo. Hakusema chochote kizuri. Alisema si mwongo, akangoja. Nikakunja karatasi, nikasema naumwa koo.

Jumatatu iliyofuata, mchana, nilikwenda Katwe.

Haikuwa vigumu kumpata. Niliuliza Mama Mapasa, nikaelekezwa. Alikuwa na cherehani kwenye baraza, katikati ya fundi wa sigiri na duka la rangi. Msichana alikuwa ameketi mkekani miguuni pake, anakula viazi vitamu kwenye sahani ya bati.

“Karibu, dada. Unaleta nguo ya kushona?” Kisha akaniangalia tena. “Wewe ulikuwa pale. Na ile mashine kwa magoti.”

“Ndiyo, mama.”

Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunipa kiti na nisingekikubali. Nilimweleza kanuni kwa maneno mepesi: kwamba mimi ndiye niliyeiagiza kompyuta imkatae mtoto wa pili, kwamba sikukusudia mapacha, kwamba tarehe kumi na tano ilitoka kinywani mwangu kwenye simu. Na kwamba siku ile ofisini nilijua.

“Ulijua,” akasema.

“Nilijua.”

“Wakati yule papa anasema miye ni muongo.”

“Ndiyo.”

Fundi wa sigiri alikuwa ameacha kugonga ili asikie vizuri. Mama akamgeukia. “Wewe piga kazi yako!” Nyundo ikaanza tena, taratibu.

Akainamisha kichwa kuelekea mkekani. “Unaona vile anakula? Miye sikujua nimwambie nini. Ndugu yake anavaa uniform, yeye anabaki. Anauliza kila siku, juu ya nini yeye haendi. Nikamwambia ni juu wewe ni kidogo sana. Kula, ukomae, watakupokea. Sasa anakula mpaka tumbo inamuuma. Asubuhi anasimama pale mlangoni, ananiuliza: mama, nimeshakomaa?”

Msichana aliposikia anazungumziwa alitabasamu, mdomo umejaa kiazi.

Nilikuwa nimekuja na pendekezo langu tayari. Nililifikiria njia nzima na kuliona la heshima. “Mama, yale maneno aliyoyaandika Mzee, naweza kuyafuta. Hata leo. Hayatabaki popote, na hakuna atakayejua yaliwahi kuwepo.”

“Unifutie nini?” Sasa ndipo sauti yake ilipopanda. “Alisema mbele ya batu! Wale wa kwa benchi wanasali na miye kanisa moja. Hiyo nayo utafuta na mashine? Ukifuta, nani alisema uongo? Hakuna. Basi itabaki miye.”

Alifunika cherehani kwa kitambaa, akamfuta mtoto mikono na mdomo.

“Twende,” akasema.

“Sasa hivi?”

“Kesho utakuwa na sura ya kesho.”

Tulipanda Kibuli kwa miguu, msichana akiwa kati yetu, adhuhuri ikiadhiniwa msikitini juu yetu. Nilitamani mlima urefuke.

Mzee alikuwa mezani na karani yupo mahali pake. Kwenye benchi walikuwapo watu watatu. Niliongea kabla hajatukaribisha, nikijua nikikaa sitaanza. Alivua miwani, akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, na hilo lilikuwa baya kuliko kukatizwa.

“Na siku ile ulikuwa umekaa pale,” akasema, akionyesha kona yangu.

“Ndiyo, Mzee.”

“Ukanisikia nikimwita mama huyu mwongo.”

“Nilisikia.”

“Ukafanya nini?”

“Nilitazama kompyuta.”

Akamgeukia karani. “Na wewe?”

“Nilimngoja aseme yeye, Mzee. Nilisema, kesho atasema. Halafu tena kesho.” Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini sauti yake ilibaki ileile. “Mimi iko na watoto wanne, Mzee. Na yeye ndiye mtu wa mashine.”

Mzee alisimama. Alikwenda mlangoni, akaufungua wote, ili wale wa kwenye benchi wamwone, akasema kwa sauti ya mwalimu wa gwaride: “Mama huyu nilimwita mwongo hapa. Alisema kweli. Nilikosa mimi.” Kisha akamgeukia. “Nisamehe, mama.”

Alifanya hivyo kwa muda wa pumzi mbili tu. Mimi nilikuwa nimeshindwa kwa muhula mzima.

Alipiga simu shuleni palepale. Tulimsikia akiomba, kisha akisihi, kisha akishukuru kwa adabu ya mtu aliyenyimwa. Madarasa yalikuwa yamejaa. Msichana ataanza mwaka ujao, darasa la kwanza, wakati ndugu yake anaingia la pili. Alieleza hayo taratibu, na mama akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Mimi ndiye niliyechelewa kuelewa: kwamba watoto waliozaliwa siku moja watapita shule yote wakiwa wamepishana mwaka, na kila mgeni atakayewauliza ataambiwa mmoja ni mkubwa.

“Andika,” Mzee akaniambia, akanisogezea kompyuta yake.

Nilifungua jedwali, nikaenda hadi safu ya mwisho. Sikuyafuta maneno yake. Chini yake niliandika kwamba mzazi alitoa tarehe sahihi, kwamba mwandishi wa programu ndiye aliyeagiza ibadilishwe ili kuficha kasoro ya kazi yake, na kwamba alilijua hilo mzazi alipolaumiwa. Nikaweka jina langu lote, pamoja na lile la kufuata mapacha.

“Soma,” mama akasema.

Nikasoma.

“Soma tena, na bale basikie.”

Nikasoma tena, kwa sauti, nikielekea mlangoni. Sijawahi kusoma kitu nilichokiandika mbele ya wasikilizaji waliotulia kama wale watatu wa kwenye benchi.

Mama alisogea akasimama nyuma ya bega langu, akaitazama skrini. Hakujua kusoma, lakini aliifuata kwa kidole, kutoka kushoto kwenda kulia, safu kwa safu, nami nikamwambia kila moja ni nini: hapa jina lake, hapa siku yake, hapa simu yako, hapa shule, hapa maneno tuliyoyaandika sasa.

“Na mwaka yake,” akauliza, “ile atapoteza, inaandikwa wapi?”

Nilizipitia tena, safu zote nilizozitunga mwenyewe, kana kwamba ningeweza kuwa nimeisahau moja.

“Hakuna mahali, mama.”

“Hakuna,” akasema. Akamshika binti yake mkono, akaagana na Mzee, akaagana na karani, wakateremka mlima. Mimi hakuniaga.